Tujizoeze kusikiliza mbele ya kwenda iniversite

Wapenzi wanafunzi wa Buluo, hapa masomoni tulizoea hivi: mwalimu anaandika kwa ubao, sisi tunakopia, ao anasema polepole, "nukta, mstari mpya," na sisi tunafuata. Kaye inajaa, tunaona kama tumejifunza.

Ku iniversite haiko vile. Kule Lubumbashi, ambako iniversite ilifunguliwa mwaka 1956, profesa anaingia mbele ya watu wengi, anasema saa mbili, na mara nyingi ubaoni anaacha tu jina gumu ao tarehe. Tena ni Kifaransa cha mbio. Mwenye kungojea "nukta, mstari mpya" atangojea mpaka profesa atoke.

Ekzamen ya Serikali haitupimi kwa jambo hilo. Pasipo disertasyo, kazi kubwa ni kuchagua jibu moja kati ya yaliyokwisha kuandikwa. Mtu anaweza kupata diploma nzuri bila kusikiliza hata siku moja saa nzima na kujichagulia mwenyewe neno la kuandika. Kisha mwaka wa kwanza unamwangusha, na minervali ambayo mama alikusanya sokoni inapotea bure.

Wengine wanasema: silabusi iko, tutanunua. Ndiyo, munuue. Lakini silabusi haikuonyeshi pahali profesa alirudia mara tatu.

Basi tunaomba konferensi moja kila juma kwa wafinalisti: dakika 40, bila dikte. Tuseme mzee mmoja anatueleza namna shaba ilitengenezwa Shituru. Atasema maneno mengi. Wewe uandike: *mawe – asidi – maji ya shaba – umeme – shaba safi*. Pembeni uache nafasi ya maulizo, mfano: umeme unafanya nini pale?

Magaribi mukae wawili wawili. Mmoja afunge kaye, amwelezee mwenzake kwa Kiswahili, halafu kwa Kifaransa. Ukishindwa kwa Kiswahili, hukuelewa. Ukishindwa kwa Kifaransa tu, unajua sasa maneno gani ya kutafuta.

Hatusemi konferensi inatosha. Kisha bukari ya saa sita, hata hodari anasinzia! Na tangu mwaka 2021-2022, mpango wa LMD unahesabu kredi 60 kwa mwaka, na ndani yake iko pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya peke yake.

Wenye kutaka waandikishe majina kwa mkubwa wa kalasi. Walete kaye mpya. Rula wanaweza kuacha nyumbani.