Mama na Mtoto Wake katika Kumbukumbu za Kliniki

Mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU) huhitaji kupimwa damu mapema, kwa kawaida afikishapo wiki 6. Matone machache hutolewa kisiginoni, hukaushwa juu ya karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Asipopimwa, naye akawa ameambukizwa, hatari ni kubwa: bila matibabu, karibu nusu ya watoto hao hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Hata hivyo, hutokea mama akawa na namba yake katika kliniki ya tiba na matunzo, mtoto akawa na kadi yake ya kliniki, na katika kompyuta pasiwe na lolote linaloonyesha kuwa wawili hao ni mtu na mwanawe. Mama asipofika, jina lake huingia katika orodha ya wanaotafutwa. Mtoto haonekani popote.

Programu nyingi za kutunza kumbukumbu za wateja, mojawapo ikiwa DHIS2 iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, humwezesha mhudumu kuhusisha jalada moja na jingine. Kuhusisha si kuchanganya. Mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili, leo Mwanaidi na kesho Mama Juma, majalada yake yapaswa kufanywa moja. Mama na mtoto hubaki na majalada mawili, katikati yake pakawekwa kiungo chenye jina: "mama wa", "mtoto wa", "mlezi wa". Kiungo kisemacho "ndugu" tu hakimfai afisa ustawi wa jamii atakaye kujua ni nani wa kumleta mtoto kwa kipimo kinachofuata. Tarehe nayo iandikwe, maana malezi huhama. Mtoto akipelekwa kwa bibi yake kijijini, kiungo cha mlezi wa awali hufungwa kwa tarehe, hakifutwi.

Lipo suala zito zaidi. Je, kila afunguaye jalada la mtoto aone na majibu ya mama? Kwa maoni yetu, hapana, isipokuwa yule ambaye kazi yake inamlazimu. Bibi aliyemleta mjukuu huenda hajui hali ya binti yake, na kioo cha kompyuta kilichogeuzwa upande wake chaweza kuvunja nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Wakati bora wa kuweka kiungo ni katika wodi ya wazazi, kabla mama hajaruhusiwa, kadi yake ikiwa ingali mezani. Nawe mama, au mlezi, siku ya kliniki njoo na kadi zote mbili. Na ubadilishapo namba ya simu, omba irekebishwe katika jalada lako na la mtoto.