Lakiri Moja, Nchi Mbili: Somo la Ununuzi wa Pamoja wa Vifaa vya Usalama

Somo la toleo hili linaanzia Kikuubo, katikati ya jiji la Kampala. Kwa Kiganda, kikuubo ni kichochoro. Lakini kichochoro hiki ni soko la jumla linalolisha maduka ya Uganda na kuwauzia wafanyabiashara wa Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Sehemu kubwa ya bidhaa zake hushushwa bandarini Mombasa, kisha husafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 1,100, zikivuka mpaka Malaba au Busia. Tujiulize: safari hiyo inalindwa na nani, na kwa vifaa gani?

Hapo awali kila nchi ilikuwa na mfumo wake wa kulinda mizigo. Lori lilipofika mpakani, lakiri ya nchi moja ilifunguliwa na ya nchi nyingine ikafungwa. Foleni zilirefuka, na baina ya kufungua na kufunga palikuwa na upenyo. Mhalifu aliutumia upenyo huo, pamoja na vituo vya njiani, kushusha mizigo iliyoandikishwa kuwa inapita tu kwenda nchi nyingine, ambayo kwa hiyo haikulipiwa ushuru. Mizigo hiyo ikiingia sokoni, mwenye duka wa Kikuubo aliyelipa kodi yake kwa uaminifu hashindani nayo. Hazina ya taifa hupungukiwa, na vijiji vya kandokando ya barabara kuu hugeuzwa maghala ya mali ya wizi, huku vijana wao wakikamatwa kwa kubeba magunia wasiyoyajua asili yake.

Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo mmoja wa kikanda wa kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki, kwa msaada wa Uingereza kupitia shirika la TradeMark East Africa. Lakiri inayofungwa Mombasa haibadilishwi tena mpakani. Hutoa taarifa za mahali lori lilipo, na vituo vya uangalizi vya mamlaka za mapato huzisoma. Lori likiacha njia iliyoidhinishwa, likisimama kupita kiasi, au lakiri ikichezewa, onyo hutolewa na kikosi cha dharura kilicho karibu hutumwa.

Tunajifunza nini kuhusu ununuzi wa umma? Mambo matatu.

Kwanza, vigezo hutangulia zabuni. Nchi jirani zikinunua kila moja kivyake, vifaa vyao vinaweza kuwa bora lakini visielewane. Mkutano wa kukubaliana vigezo hugharimu kidogo kuliko mitambo miwili isiyosomana.

Pili, ushindani uwe wa haki. Ibara ya 35 ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inakataza kuwabagua wazabuni wa nchi wanachama katika ununuzi wa umma. Sheria ya Uganda ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2003 inaruhusu vyombo vya ulinzi na usalama kuwa na orodha mbili: ya vitu vya wazi na ya vitu vyenye masharti ya siri. Siri hiyo ni ya kumnyima mhalifu maarifa. Haikuwekwa ili kuficha fedha ya wananchi, na mwananchi anayeuliza fedha imetumikaje si adui wa usalama.

Tatu, bei ya kununua si gharama yote. Betri huisha, vipuri huharibika, watumishi huhamishwa. Mkataba usiotaja matengenezo, mafunzo na nani atakayeitikia onyo usiku wa manane huacha taifa na chombo cha mapambo.

Hata hivyo tuseme ukweli: lakiri hueleza kwamba lori limesimama, haielezi ni nani aliyesimama kando yake. Wala mzigo unaopitishwa njia za panya hauna lakiri. Hapo ndipo macho yenu yanapohitajika. Ukiona lori linafunguliwa gizani, usilikaribie. Kumbuka namba yake, mahali na saa. Toa taarifa kwenye kituo cha polisi, kwa mwenyekiti wa kijiji, au piga 999, namba ya dharura inayotumika Uganda na Kenya. Omba jina lako lihifadhiwe. Na ukiuziwa bidhaa kwa bei isiyoelezeka, usinunue: mnunuzi ndiye anayemlipa mwizi.

Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda umoja wao jijini Kampala mwaka 1998, kwa sababu walitambua kwamba mhalifu haheshimu mpaka. Ushirikiano huo utakamilika pale jirani wa Malaba ya Uganda na jirani wa Malaba ya Kenya watakapopeana habari kwa haraka kuliko wahalifu wanavyopeana.

Maswali ya kujadiliana katika mikutano ya polisi na jamii:

1. Katika eneo letu, ni wapi malori husimama bila sababu, na nani hunufaika?
2. Ni kifaa gani cha usalama kilichonunuliwa kwa ajili yetu ambacho hakifanyi kazi, na nani wa kuulizwa?
3. Tuna njia gani ya kuwapasha habari majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka?