Hesabu Kabla ya Kuuza Mazao

Ndugu mkulima, ukiulizwa ni zao gani lililokupatia fedha nyingi msimu uliopita, yamkini utataja lile lililojaza mfuko siku ya soko. Lakini fedha zilizoingia mfukoni si faida. Faida ni zile zinazobaki baada ya kuondoa gharama zote, na nyingi katika gharama hizo ulikwisha kuzilipa miezi mitatu nyuma, ukazisahau.

Nunua daftari la shule, na kila zao lipe ukurasa wake. Kila ununuapo mbegu, mbolea au dawa, na kila umlipapo kibarua, andika siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka mavuno utaikumbuka mbolea na kuisahau nauli ya kwenda kuinunua. Andika pia siku ambazo wewe na watu wa nyumbani mwako mlifanya kazi, hata kama hakuna aliyelipwa.

Tutoe mfano. Bei si moja kila mahali, basi wewe weka zako. Tuseme mkulima ana nusu ekari ya nyanya na ekari moja ya maharage. Amepata matenga 60 ya nyanya, akayapeleka sokoni na kuuza kila tenga Sh. 20,000. Mapato ni Sh. 1,200,000. Maharage amepata kilo 400, akauza kila kilo Sh. 2,000. Mapato ni Sh. 800,000. Kwa macho, nyanya zimeshinda.

Sasa tuondoe gharama za nyanya: mbegu Sh. 60,000, mbolea 180,000, dawa 240,000, vibarua 150,000, kununua matenga 120,000, gari 180,000, na ushuru wa soko 30,000. Jumla Sh. 960,000. Zimebaki Sh. 240,000 tu. Gharama za maharage, pamoja na magunia na gari, ni Sh. 350,000. Zimebaki Sh. 450,000.

Tena, nyanya zilichukua siku 80 za kazi ya nyumbani, kwa kuwa zataka kunyunyiziwa dawa mara kwa mara na kukaa nazo sokoni. Maharage yalichukua siku 45. Kila siku ya kazi katika nyanya imelipa Sh. 3,000, katika maharage, Sh. 10,000.

Je, aache kulima nyanya? Asifanye haraka. Atazame kwanza fedha zinapotokea. Tenga, gari na ushuru vimekula Sh. 5,500 kwa kila tenga, hivyo ile bei ya Sh. 20,000 kwake ni Sh. 14,500. Akija mnunuzi shambani na matenga yake, akatoa Sh. 16,000, mkulima wengi watamfukuza wakidhani anawapunja. Kumbe amewaongezea Sh. 1,500 kila tenga, yaani Sh. 90,000 kwa matenga 60, na siku za kukaa sokoni zimeokoka.

Siku hizo azitumie kuyatafutia maharage bei. Nyanya haingoji, bali maharage yaliyokauka vizuri na kuhifadhiwa mbali na wadudu yaweza kungoja. Bei ikipanda Sh. 300 kwa kilo, ni Sh. 120,000 zaidi, atoe humo gharama ya kuhifadhi. Auze kwa mzani, wala asikubali lumbesa. Gunia likizidishwa kilo 20 ametoa bure Sh. 40,000.

Mwisho, jua bei yako ya chini kabla mnunuzi hajafika. Katika mfano huu, gharama za nyanya zikiwa bado shambani ni Sh. 630,000, yaani Sh. 10,500 kwa tenga. Chini ya hapo ni hasara. Nyanya zikiwa zimekwisha iva na hakuna mnunuzi mwingine, hata Sh. 8,000 ni afadhali kuliko zioze. Lakini iandike hasara hiyo kwenye ukurasa wa nyanya, uisome kabla ya kununua mbegu za msimu ujao.