Jumuia ya Kuwasomesha Wanawake: Ni Amana, Si Fahari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Baadhi ya wasomaji wetu wametuuliza: vipi huendeshwa jumuia ya watu wanaojitolea kwa ajili ya kuwasomesha wanawake na kuwatayarisha kuongoza mambo yao? Na kwa nini nyingi ya jumuia hizo huzaliwa kwa shangwe, kisha zikafa kabla ya kutimiza mwaka? Swali hili ni zuri, nasi twalijibu katika somo hili kwa yale tuliyoyasoma na, zaidi ya hayo, kwa yale tuliyoyakosea sisi wenyewe.

ASILI YA JAMBO HILI

Ijulikane kwanza kuwa jambo hili halikuletwa kwetu na meli kutoka Ulaya. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa riwaya ya Abu Said al-Khudri, kuwa mabibi walimshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaume wamewashinda kwa kukaa naye, wakamwomba awatengee siku yao, naye akawatengea, akawa akiwawaidhi. Basi zingatieni mambo mawili. La kwanza, walioomba elimu ni wao wenyewe. La pili, hawakuambiwa warudi wakamtafute mwanamume wa kuja kuwasemea. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa ash-Shifa binti Abdullah ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika. Mwanamke alimfundisha mwanamke, na Mtume aliridhia. Mwenye kutaka dalili zaidi ya hizi, huyo hatafuti dalili, atafuta udhuru.

KOSA LETU SISI

Miaka michache iliyopita sisi wa darasa hili tulianzisha jumuia ya namna hiyo mtaani kwetu. Tulikuwa wanaume saba katika baraza, wala hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Saa ya darasa tuliichagua sisi, nayo ni baada ya Alasiri, kwa kuwa ndiyo iliyotufaa. Hatukuuliza, na lau tungaliuliza, tungaliambiwa kuwa hiyo ndiyo saa ambayo chakula cha usiku kiko jikoni na watoto wanarudi kutoka chuoni. Michango tuliikusanya mkononi, huyu akipokea shilingi mia mbili na yule mia tano, bila ya daftari wala stakabadhi, kwani tulijiona kuwa ni watu wa kuaminiwa.

Siku moja bibi mmoja, mshoni wa nguo, alituma kuuliza: je, michango imefika kiasi gani, na ada ya wale mabinti wawili wa sekondari imelipwa? Hatukuwa na jibu. Na badala ya kukiri kuwa hatuna, tulisema kuwa swali lile ni utovu wa adabu. Hapakuibiwa kitu, na hayo twayashuhudia. Lakini fedha ilipohesabiwa baadaye ilikutwa imetawanyika katika mifuko minne, na sehemu yake imekopeshwa kwa nia njema. Ada ilichelewa, na binti mmoja katika wale wawili akakaa nyumbani muhula mzima. Ulipofika mwezi wa tatu, mikeka ya darasa ilikuwa mitupu. Muhula wa binti haulipiki kwa kuomba radhi, nasi twaliandika kosa hili hapa ili mwengine asilirudie.

MFANO WA SOKOTO

Baada ya kushindwa huko ndipo tulipoisoma kwa makini habari ya Nana Asma'u wa Sokoto, katika nchi ambayo leo ni kaskazini ya Nigeria. Bibi huyu alizaliwa mwaka 1793, naye ni binti wa Shehu Usman dan Fodio. Baba yake aliwalaumu wazi wanavyuoni wa zama zake waliowasomesha watu wa nje huku wake zao na mabinti zao wameachwa katika ujinga. Na alipolaumiwa kwa kuwaacha wanawake wahudhurie mawaidha yake, jibu lililotoka kwake na kwa nduguye lilikuwa kwamba madhara ya kuwaacha katika ujinga ni makubwa zaidi. Nana Asma'u alikulia katika nyumba hiyo. Alihifadhi Qur'ani, akatunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, naye wakati huo huo ni mke wa waziri na mama wa watoto.

Vita vilivyoanza mwaka 1804 vilikuwa vimeleta chini ya dola mpya wanawake wengi wa vijijini wasioijua misingi ya dini yao. Nana Asma'u hakungoja ajengewe shule kubwa. Aliwapanga wanawake katika jumuia iliyoitwa 'Yan Taru, yaani wale waliokusanyika. Makundi ya vijijini yakawa na kiongozi mwanamke aitwaye jaji, na neno hilo kwa Kihausa ni kiongozi wa msafara. Jaji aliwachukua wanawake watu wazima na wasichana wadogo mpaka Sokoto, wakasoma, kisha akarudi nao. Ama wale waliofungwa na ulezi, hao hawakulazimishwa safari. Elimu iliwafuata majumbani mwao. Na masomo yaliwekwa katika mashairi mepesi, ili asiyejua kusoma aweze kuyachukua kifuani.

Liko jambo moja ambalo twaomba msomaji asilipite. Nana Asma'u alimpa jaji kofia pana ya kusukwa iitwayo malfa, pamoja na kitambaa chekundu cha kuizungushia, iwe alama ya cheo chake. Kofia hiyo zamani ilikuwa ni ya Inna, bibi mkuu wa Gobir aliyesimamia mambo ya pepo. Nana hakuitupa alama ile wala hakuwadharau wanawake waliokuwa wakiiheshimu. Aliitoa katika pepo akaitia katika elimu. Bibi huyu alifariki mwaka 1864, na jumuia yake haikuzikwa pamoja naye. 'Yan Taru wapo hata leo Nigeria, na jina lao limevuka bahari mpaka Marekani.

NA HUKU KWETU PWANI

Msidhani kuwa mabibi zetu hawakuijua kazi ya jumuia mpaka tuwafundishe sisi. Mabibi wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vyenye vyeo, michango na mashindano makali. Masheikh walilaumu ubadhirifu uliokuwamo, na walikuwa na haki. Lakini anayeweza kuwakusanya wanawake mia, akajua nani ametoa na nani hakutoa, akapatanisha waliogombana, na kila mtu akaja kwa saa yake, huyo amekwisha kuujua uongozi; kilichobaki ni kuuelekeza. Ndivyo ulivyo na upatu, ambao mabibi huuendesha miaka kumi pasipotee hata shilingi. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alihimiza elimu ya mabinti katika magazeti aliyoyatoa Mombasa tangu mwaka 1930. Na katika miaka ya 1950 mabibi wa mji huo walisimama wenyewe wakaunda jumuia zao za elimu na maendeleo. Basi sisi wanaume saba, tulioketi pasi na mwanamke hata mmoja, tuliacha hazina mlangoni tukaenda kutafuta kuni porini.

MAMBO MATANO YA KUSHIKWA

La kwanza: uongozi uwe mikononi mwa wanawake wenyewe. Mwanamume na atoe mali yake, nafasi yake na elimu yake, na ashauriwe katika analolijua. Lakini mwenyekiti, katibu na mweka hazina wachaguliwe na mabibi miongoni mwao, kwa muda uliowekwa, kisha waondoke wengine wakae. Haifai kusema twawafunza kuongoza huku usukani hatuuachi. Na jumuia iandikishwe kwa sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, ili iwe na katiba iliyoandikwa na isiwe mali ya mtu mmoja.

La pili: mali iandikwe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya al-Baqara kuandika deni, dogo na kubwa. Kila shilingi iingiayo iwe na stakabadhi, na kila itokayo iwe na sahihi za watu wawili. Mchango uletwao kwa simu uingie katika hesabu ya jumuia, usiingie katika simu ya mtu. Hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Na mwenye kuuliza ashukuriwe, kwani yeye ndiye mlinzi wa amana.

La tatu: aulizwe anayesoma. Saa gani ana nafasi? Mahali gani mumewe na wazee wake wataridhia? Mtoto wake atabaki na nani? Darasa lenye mtu mmoja wa kuwaangalia watoto katika chumba cha pili huwafaa mabibi zaidi kuliko darasa lenye viti vipya.

La nne: kujitolea kuwe na mpaka. Wengi hudhani kuwa anayefanya kazi bila ya mshahara haulizwi kwa nini hakuja. Huo ni upotofu, kwani ahadi ni deni. Lakini pia haifai kumtwika bibi mmoja kila kitu kwa sababu hajui kukataa, mpaka siku moja aanguke na jumuia ianguke naye. Na agawiwe kila mtu kazi ndogo anayoiweza, saa mbili kwa wiki, na awepo wa kumshikia akiugua. Na anayetoa jasho lake bure asitozwe na nauli tena.

La tano: kila anayejua amwandae mwengine. Mwalimu awe na msaidizi, na mweka hazina amfundishe mwenzake daftari. Wanafunzi nao wapokezane kufungua mkutano, kusoma hesabu na kusema mbele ya watu. Uongozi haufundishwi kwa hotuba; hufundishwa kwa kupewa jambo dogo, ukaliharibu, ukasahihishwa kwa upole, ukapewa tena.

SHAKA NA JAWABU YAKE

Wako wasemao kuwa mwanamke akizoea kuongoza atamshinda mumewe nyumbani. Twawauliza: ni nani asomaye cheti cha dawa ya mtoto wakati mume yuko baharini au Bara? Ni nani atiaye dole gumba katika karatasi ya mirathi asiyoweza kuisoma, kisha akaambiwa kuwa amekwisha samehe fungu lake? Mambo haya twayaona, wala hayakuharibu nyumba moja tu. Nyumba haivunjwi na mke ajuaye haki yake na wajibu wake. Huvunjwa na dhulma, na dhulma hupenda ujinga kama mchwa apendavyo mti mkavu.

KHATIMA

Ama yule bibi mshoni, hakukaa akatulaumu. Alianza na mabibi wanane ukumbini kwake, baada ya Isha, kwa daftari moja la shule lililopigwa mistari kwa mkono wake. Tulipopata habari kuwa darasa lake limesimama, tulimwendea kumwomba tumsaidie. Alitukaribisha kwa heshima, akatutaka jambo moja kwanza: tulete hesabu ya fedha ile ya zamani. Tuliileta, pamoja na ile iliyokuwa imekopeshwa. Aliihesabu mbele yetu, akaiandika katika daftari lake, akatupa stakabadhi.

Stakabadhi hiyo tunayo mpaka leo, na ndiyo somo tulilokusudia kuwapa wasomaji wetu.

Wabillahi tawfiq.