Harambee Kwenye Sarafu: Dua au Mwito wa Kazi?

Mnamo 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekani ilitia kaulimbiu ya kumtumainia Mungu kwenye sarafu ya senti mbili. Sheria ya 1955 ikaieneza katika fedha zote. Sarafu ya Kenya haina tamko la namna hiyo. Nembo ya taifa iliyo juu yake imebeba neno moja: Harambee.

Hata hivyo, wapo Wakristo wanaolikataa neno hilo wakidai kuwa vibarua Wahindi wa reli walilitumia kumwita Ambe, mungu wa kike. Dai hili limeegemea mfanano wa sauti, nao pekee si ushahidi wa kiisimu. Wengine hulihusisha neno na lugha za Kibantu za pwani.

Hata asili hiyo ingethibitika, maana huamuliwa na matumizi. Alhamisi ya Waingereza ina jina la Thor, mungu wa kale, lakini anayeitaja hamwabudu.

Huko Isebania, Migori, shilingi ya Kenya hukutana na noti ya Tanzania yenye kaulimbiu Uhuru na Umoja. Zote mbili zinanena Kiswahili, na zote zinahimiza ushirikiano. Naye mnunuzi wa omena Homa Bay hujua harambee kuwa ni mchango: wa karo, wa matibabu, au wa kujenga kanisa. Neno linaloshukiwa ndilo lililoezeka makanisa mengi.