Anzisha timu ya kuchanja mbwa mtaani kwako

KATIKA mji mdogo kama Masalani, Kaunti ya Garissa, si kazi kupata vijana 11 wa kucheza mpira. Kazi ni kupata vijana sita watakaosaidia mbwa wa mtaa kuchanjwa. Lakini timu hii ya pili ndiyo inayoweza kuokoa maisha ya mtoto wako.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Kutoka hapo husafiri kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mara nyingi dalili hutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na zikishatokea ni nadra sana mtu kupona. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Kwa nini kuchanja, si kuua?

Watu wengi hudhani dawa ni kuwatilia mbwa sumu. Sivyo. Mbwa wakiuawa, wengine huja kushika nafasi yao, na hao huenda hawajachanjwa. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Inafaa kurudia kila mwaka, kwa sababu mbwa hufa na watoto wa mbwa huzaliwa. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Mpango huo hautafika mtaani kwako bila watu wa mtaa.

Jinsi ya kuanza

1. Nenda kwanza katika ofisi ya mifugo. Sindano huchomwa na daktari wa mifugo au msaidizi wake. Kazi ya timu ni kuandaa watu na mbwa.

2. Gawa kazi. Wawili wahesabu mbwa nyumba kwa nyumba, mmoja aandike, mmoja atangaze, na wawili wasaidie wenye mbwa siku ya chanjo. Hawa wawili waulize hospitalini kuhusu chanjo ya kujikinga mapema. Watoto wasishike mbwa.

3. Zungumza na imamu, chifu na walimu. Waislamu wengi wa huku hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Lakini mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa. Imamu akilieleza jambo hili, wenye mbwa hawataona haya kuwaleta. Wanaosaidia wavae glavu na nguo za kazi.

4. Chagua saa inayofaa. Mbwa anayefuata mbuzi hatapatikana saa nne. Anzeni alfajiri, kabla mifugo haijatoka. Tena chanjo huharibika kwa joto, nayo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kwa jua la Masalani, sanduku lenye barafu liwe kivulini na lisifunguliwe ovyo.

5. Mwenye mbwa amshike mwenyewe, kwa kamba, na mdomo ufungwe kwa kitambaa kwa muda mfupi tu. Msimkimbize mbwa, kwani mbwa mwenye hofu huuma. Aliyechanjwa apakwe rangi ya alama, na mwenyewe apewe cheti.

Mbwa akikuuma

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili, halafu nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Usitie pilipili, mafuta wala majani. Wale wanaojua tohara ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, wasitie udongo ndani ya jeraha lililo wazi. Jeraha lataka sabuni na maji safi. Mambo ya tohara muulize shekhe baada ya kutibiwa.

Hospitalini utapewa sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na jeraha likiwa baya utaongezewa dawa nyingine ya kinga. Usiruke hata siku moja kwa sababu jeraha limepona, maana virusi havingoji kidonda. Ikiwa mbwa anajulikana, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari anaweza kuamua sindano zikome. Akiuawa au akitoroka, endelea mpaka mwisho.

Siku nzuri ya kuanza

Tarehe 28 Septemba huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Timu ya mpira ya mtaa inaweza kuifanya siku yake: asubuhi chanjo, jioni mechi. Waliokuja kutazama mpira waulizwe swali moja uwanjani: mbwa wako amechanjwa?