Makuta ya Ndakala na Watoto wa Jirani

Yaya,

Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Kalemie, upande wa Katanika, kazi yangu kuuza samaki wadogo, ndakala. Sisi akina mama wachache wa jumuiya yetu ya kanisa tulianza kuwatafuta watoto wanaozurura saa za masomo. Hatulipwi na mtu. Tunapita nyumba kwa nyumba, tunaongea na wazazi, tunagawa makaye, yaani daftari, na kalamu. Mtoto akifukuzwa darasani kwa ajili ya makuta, tunachanga tunamlipia. Mwanzo tulichanga wote. Sasa wenzangu wamechoka, nimebaki natoa peke yangu kwenye kapitali ya ndakala. Wazazi wamekwisha kunijua: kila Jumatatu nawakuta mlangoni, kila mmoja ameshika mwanawe mkono.

Mzaliwa wangu wa kwanza yuko sekondari, na juzi alirudishwa nyumbani sababu ya minervali, ada ya shule. Bwana yangu amesema nichague, watoto wangu au watoto wa watu.

Na kuna msichana mmoja wa kama miaka kumi na moja. Mama yake mjane, walikimbia vita. Tumemwandikisha mara mbili. Kila mara anasoma wiki mbili tu, halafu namkuta sokoni na beseni la maandazi kichwani. Akiniona anageuza uso. Yaya, nikiacha, dhambi si yangu? Nikiendelea, nyumba yangu itasimama?

Mama wa Katanika

Mdogo wangu,

Kuwatafuta watoto, usiache. Kuwalipia, acha, tena uache wiki hii. Ni mambo mawili tofauti, nawe umeyafunga fundo moja, ndiyo maana unaona ukilegeza moja na lingine linakuponyoka.

Nianze na nyumbani kwako. Bwana yako ana haki. Kapitali ya ndakala haigawiwi, maana ndiyo inayonunua ndakala ya kesho. Na biashara yenyewe unajua inavyokatika. Nchi nne za ziwa letu la Tanganyika zimekubaliana kuufunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na wiki chache baadaye, mwezi wa tisa, masomo yanafunguliwa. Mama muuza samaki aliyekula kapitali yake kabla ya ziwa kufungwa ataanza mwaka wa shule mikono mitupu. Sekondari haimo katika elimu ya bure, kwa hiyo minervali ya mzaliwa wako wa kwanza ni deni la kweli, na ni lako wewe na baba yake. Lipeni hilo kwanza. Kisha kaa na bwana yako umwambie kwamba franga ya ndakala haitoki tena kwa mtoto wa mtu, ila unamwomba alasiri mbili kwa wiki uende kuonana na wazazi. Taja siku zenyewe. Mwanaume anayeona mwanawe amerudishwa nyumbani huku mke wake anamlipia mtoto wa jirani hana sababu ya kuamini ahadi isiyo na siku wala kiasi.

Sasa hayo makuta ya shule ya msingi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Miaka mingi maneno hayo yalibaki kwenye karatasi, mpaka mwezi wa tisa wa 2019 serikali ilipoanza kuyatekeleza nchi nzima. Na shule za serikali zinajumuisha hata zile zinazosimamiwa na makanisa au jumuiya ya Kiislamu kwa mkataba na serikali. Wazazi wengi wanazidhania za binafsi kwa sababu ya jina la mtakatifu lililoandikwa ukutani. Kwa hiyo, kabla ya kugusa mkoba wako, uliza: shule hii ni ya binafsi, au iko chini ya serikali? Kama ni ya binafsi, msaidie mzazi kumhamisha mtoto. Kama iko chini ya serikali, makuta hayo hayapaswi kumtoa mtoto darasani.

Utaniuliza, basi kwa nini wanaendelea kudai? Tangu mishahara ya walimu ilipoporomoka katika miaka ya 1990, wazazi wa Kongo ndio waliomlisha mwalimu kwa ile prime ya kila mwezi. Elimu ya bure ilipokuja, prime ikafutwa, watoto wakafurika madarasani, na walimu wengi hawakuwamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wengine wanafundisha hadi leo bila kupokea kitu. Majirani zetu nao waliona mafuriko hayo, Uganda mwaka 1997, Tanzania 2001, Kenya 2003: ada zilipofutwa watoto walikuja wengi kuliko madawati na kuliko walimu. Direkta anayemrudisha mtoto nyumbani mara nyingi ana mwalimu mlangoni mwake anayemwuliza atakula nini. Simtetei. Nataka uingie ofisini kwake ukijua unaongea na mtu aliyebanwa, ili usiingie na matusi.

Lakini ona kinachotokea unapolipa. Direkta amejifunza kwamba mtoto akifukuzwa saa mbili, saa sita anarudi na makuta. Juma lijalo atafukuza tena, na safari hii atamfukuza hata yule ambaye mama yake hakujui wewe wala nyumba yako. Makuta yako yamempatia mtoto mmoja kiti na kumpandishia bei jirani yake. Ndiyo maana foleni ya Jumatatu hairefuki kwa bahati mbaya. Hili najua litakuuma, kwa sababu ulitoa kwa moyo safi.

Badala ya kulipa, nenda na mzazi. Usiende badala yake, nenda naye, na mwache aseme yeye kwanza, wewe kaa pembeni yake. Mzazi aulize makuta haya ni ya nini, nani aliyeyapanga, na aombe risiti yenye muhuri wa shule. Aulize kwa adabu, kama mtu anayetaka kujua. Madai mengi hulegea hapohapo kwenye risiti. Yasipolegea, nendeni kwa kamati ya wazazi, COPA, ambayo kila shule inapaswa kuwa nayo. Na mmoja wenu katika kikundi chenu agombee kuingia humo. Hii naiona ni kazi kubwa kuliko makaye yote mliyogawa. Kamati ikishindwa, kuna ofisi ya elimu ya serikali, Sous-Proved. Pelekeni jambo mkiwa wazazi kadhaa, kwa barua, pamoja na tarehe ambazo watoto walifukuzwa. Mzazi akienda peke yake, mtoto wake anaweza kuonewa darasani. Wakienda kumi, hakuna wa kuonewa.

Na yule mwalimu asiyelipwa? Wazazi wakikutana na kukubaliana kumsaidia, kumlimia shamba lake au kumpelekea unga na kuni, ni jambo jema, nami ningelitia mkono. Sharti langu ni moja: msaada huo usifungwe na kiti cha mtoto yeyote. Asiye na cha kuleta, mwanawe abaki amekaa.

Nirudi kwa msichana wako, maana ndiye aliyenifanya niisome barua yako mara ya pili.

Mmemwandikisha mara mbili, na mara zote mbili mlimpa kaye, labda na shati jeupe na sketi ya buluu. Na mara zote mbili alikaa wiki mbili. Mtoto asiyetaka shule hakai wiki mbili, anatoroka siku ya pili. Huyu anapenda kusoma, na aibu ile mnayoiona usoni pake sokoni inatoka hapo. Hizo wiki mbili ni muda ambao mama yake anaweza kuvumilia bila beseni lile. Maandazi yale pengine ndiyo yanayonunua unga wa jioni, na hakuna mtu wenu aliyekaa na mama huyo kuuliza yanaingiza kiasi gani.

Kakae naye. Usiende na kaye safari hii. Nenda saa anayokaanga, kabla jua halijatoka, ushike mwiko, umsaidie, na muongee mkifanya kazi. Utajua anakanda unga kiasi gani, anaazima mafuta kwa nani, na maandazi yanaisha saa ngapi. Mimi naotea kwamba mengi yanauzwa asubuhi, watu wanapokunywa chai, na kinachobaki saa nne ni cha kuhangaikia tu. Kama ni hivyo, mlango upo. Shule nyingi za mjini kwenu zina zamu mbili kwa sababu ya uchache wa madarasa, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Uliponiandikia kwamba mlimwandikisha, hukusema zamu gani. Tafuteni shule yenye zamu ya mchana. Auze mpaka saa nne, anawe miguu, ale, aingie darasani. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja si maisha ninayoyapenda, lakini atakuwa anasoma mwezi wa tatu, na wa nne, na mama yake hatalala njaa kwa sababu yenu.

Kama maandazi yanauzwa siku nzima, basi tatizo ni la mama, na dawa yake iko kwa akina mama wenzake. Mwingizeni kwenye likelemba yenu, mchango wenu wa kupokezana, na zamu yake ije mapema, ili apate kununua unga kwa gunia badala ya kwa kopo. Faida ikipanda kidogo, mtu mzima mwingine anaweza kubeba beseni.

Na mkiona msichana amebaki nyuma sana, umri umempita na bado yuko darasa la pili, msimlazimishe kukaa na watoto wa miaka saba. Ulizeni ofisi ya mambo ya kijamii, DIVAS, kuhusu vituo vya rattrapage. Huko madarasa sita ya msingi yanasomwa kwa miaka mitatu, halafu mtoto anafanya mtihani wa taifa kama wengine.

Kuna mambo mengine ambayo hukuyauliza, ila mtayakuta mkipita nyumba kwa nyumba. Watoto waliozaliwa njiani wakati wa kukimbia mara nyingi hawana karatasi ya kuzaliwa. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, bila malipo. Siku hizo zikishapita inabidi hukumu ya mahakama, na hapo mzazi maskini anakwama. Basi kazi rahisi kuliko zote ni kuwakumbusha wenye vichanga leo. Mvua za kwanza zikianza, familia zinaondoka mjini kwenda mashambani, mtoto anapotea wiki nzima, na mwalimu anamfuta kwenye orodha. Mwombeni mwalimu asimfute, mwombeni mzazi amwache mtoto kwa jirani. Na nyumba yenye kipindupindu, msiulize shule. Ulizeni maji.

Kuna na watoto wa Batwa; kwao nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa unaishi Katanika. Vita vya Batwa na Baluba vilivyoanza 2013 na kuwaka zaidi 2016 na 2017 vilichoma shule nyingi za Tanganyika na kuwajaza wakimbizi kandokando ya mji wenu, Katanika ikiwamo. Watoto walioketi dawati moja wakawa hawasalimiani. Kama kikundi chenu chote ni Baluba, mama wa Kitwa atawasikiliza, atatikisa kichwa, na mtoto hataonekana. Hatawaambia kwamba mwanawe anakaa peke yake nyuma ya darasa na anaitwa majina. Tafuteni mama wa Kitwa mmoja aingie kikundini, apite nanyi, aonekane anaongea na walimu kama nyinyi mnavyoongea. Msimpe kazi ya Batwa tu. Apite na kwenye nyumba za Baluba.

Wenzako waliochoka, usiwalaumu. Walichoka kutoa. Waite tena, uwaambie mchango wa makuta umekufa, na kila mmoja achukue barabara yake, nyumba chache anazozijua, watoto anaoweza kuwataja kwa majina. Ukisikia RECOPE, mtandao wa jamii wa kulinda watoto, inakutana mtaani kwenu, nendeni mkajulikane huko, maana kesi nyingine, kama ya mtoto anayepigwa au binti anayetafutiwa mume, si za kubeba peke yenu.

Umeniuliza kuhusu dhambi. Mtoto wa jirani kukosa shule si dhambi yako. Deni hilo ni la dola iliyoandika kifungu cha 43. Wewe umeona watoto ambao wengine waliwapita njiani, na umelibeba deni la watu wengine kwa mtaji wa samaki. Litue.

Jumatatu watakuja. Usijifiche, wala usitume mtoto aseme mama ametoka. Fungua mlango, wape kiti, waambie: makuta sina, na hata ningekuwa nayo nisingetoa, lakini nifunge kitambaa twende wote kwa direkta sasa hivi. Wengine wataondoka kwa hasira, na utasemwa sokoni kwamba umekuwa mchoyo. Vumilia. Atakayekubali kutembea nawe, hata akiwa mmoja, anza naye huyo, na njiani mwulize mwanawe anafanya nini asubuhi kabla ya masomo.